Mjuzi wa Samaki wa Malili

Kila siku, saa saba kasoro dakika tano, Karanja hufunga droo ya duka lake la vifaa vya ujenzi, hutoa kitana kidogo cha plastiki kwenye mfuko wa shati, na kuchana nywele. Nywele zenyewe zimebaki chache, za pembeni tu, na upepo wa Malili huzirudisha zilikotoka kabla hajafika mlangoni. Lakini huchana. Huchana kulia, halafu kushoto, halafu hupapasa utosi, kana kwamba huenda kuna kitu kimeota huko tangu jana. Kisha husimama kando ya barabara kuu, hungoja malori ya Mombasa yapite, na kuvuka kwenda kununua samaki ambaye hana nia ya kumla.

Jambo hilo la mwisho lilijulikana na watu wawili tu. Wa kwanza ni Karanja mwenyewe. Wa pili ni Gedion, fundi wa viatu anayekaa kwenye baraza la duka la Karanja, shemasi wa kanisa, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akimla samaki huyo.

Karanja ana miaka hamsini na sita. Alizaliwa kwenye vilima vya Murang'a, katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kumweka samaki mdomoni. Nyanya yake alisema kiumbe kisichofumba macho hata kikifa si cha kuaminiwa, na mjukuu alimwamini. Alipofiwa na mke alihamia Malili, akafungua duka la mabati, misumari na mifereji, akamwoza binti yake Wamucii, na akadhani mambo makubwa ya maisha yake yamekwisha. Kila asubuhi hupika ndengu, huzitia kwenye chombo cha kutunza joto, na saa nane huzila nyuma ya duka, kati ya mabomba na mifuko ya saruji. Huyo ndiye mtu ambaye soko zima lilimwita mjuzi wa samaki.

Ilianza na mabati matano. Kavata, mjane aliyekuja kufungua kibanda upande wa pili wa barabara, aliagiza mabati ya paa, na Karanja akayapeleka mwenyewe kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na wateja. Alimkuta ameinama juu ya beseni, akibonyeza samaki kwa kidole gumba, mmoja mmoja. Karanja alimsalimu. Hakujibiwa. Alisalimu tena. Kavata aliinua mkono mwingine kumwambia angoje, macho yakiwa kwenye kale kashimo alikokaacha ubavuni mwa samaki. Kashimo kalipojaa na nyama kurudi mahali pake, ndipo alipogeuka na kucheka, kicheko kipana cha mtu aliyepewa habari njema, akasema huyu ni wa leo, karibu baba.

Karanja aliyaweka mabati chini. Alitaka kusema asante, au kwaheri, au jina lake. Badala yake alijisikia akiagiza samaki.

Tangu siku hiyo alirudi kila siku isipokuwa Jumapili. Na kwa sababu mtu hawezi kununua samaki na kuendelea kusimama pale tu, alitafuta la kuuliza. Aliuliza tofauti ya huyu na yule. Hakujua amefungua mfereji gani, yeye muuza mifereji.

Kavata hakuwa mtu wa kuuliza. Katika miaka miwili Karanja hakuwahi kumsikia akimwuliza mtu chochote. Akitaka kujua jambo, aliliacha lijilete lenyewe. Lakini kueleza, alieleza. Aliuza samaki wanne, wote wa nyama nyeupe, na mtu aliyesema samaki ni samaki tu alimhuzunisha siku nzima. Tilapia, alisema huku akimchanja mbavuni ili chumvi iingie, ni mtu wa nyumbani: nyama nyepesi, tamu bila majivuno, lakini ana miba, kwa hivyo anayemla afunge mdomo na kuacha siasa. Mbuta ni bwana mkubwa, hauzwi mzima bali vipande, nyama nene inayoachana kwa mapande makubwa, mwenye mafuta yake mwenyewe, na miba michache unayoiona kabla haijakuona. Kambare amekosewa heshima. Watu wanaona sharubu na ngozi isiyo na magamba, wanakimbia, hawajui kwamba ukimsugua kwa chumvi na ndimu harufu ya tope inaisha, na ndani ni laini kama parachichi lililoiva. Halafu chewa wa baharini, anayekuja Ijumaa kwenye barafu: mgumu kidogo, hana harufu, hata umchemshe namna gani mchuzi unamkuta alivyo na kumwacha alivyo.

Karanja alisikiliza akiwa ameshika kifurushi cha gazeti kifuani kama mtoto aliyepewa cheti. Kisha alivuka barabara, akampa Gedion kifurushi, akangoja. Gedion alikula polepole, akaramba vidole, akatoa ripoti: tilapia wa leo yuko sawa ila chumvi imempita kidogo, mbuta ametoka mapema motoni. Kesho yake Karanja aliipeleka ripoti ile ng'ambo kama yake. Kavata alifurahi kupata mteja mwenye ulimi. Aliwaambia wengine. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, akina mama waliomsimamisha Karanja njiani hawakutaka kujua bei ya mabati, walitaka kujua kama kambare anafaa kwa mtoto anayeota meno.

Gedion alikuwa amenenepa hata stuli yake ilibidi iongezwe mguu wa nne. Alimwita Karanja shemeji, kana kwamba Kavata ni dada yake, kwa sauti ya chini, akivuta uzi.

"Shemeji, mwambie tu," alisema kila wiki. "Mimi nitaendelea kula, lakini mwambie."

Si kwamba Karanja hakujaribu. Mara ya kwanza alifanya mazoezi mbele ya rundo la mabomba. Alivuka, akasimama wima, akasema, "Mama Mutiso, kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuuliza." Kavata aliweka mwiko chini. Karanja akauliza kama chewa ana magamba. Alielezwa kwa dakika ishirini, akarudi dukani anaelea, akamuuzia misumari ya mabati mtu aliyetaka ya mbao. Mara ya pili aliuliza kuhusu mapezi. Mara ya tatu ilikuwa ni mayai ya tilapia, na hiyo alijuta, kwa sababu alionyeshwa.

Angeweza kuendelea hivyo hadi uzeeni, kama Gedion hangeleta habari Jumatatu moja asubuhi. Mutiso, mwana wa Kavata, anafundisha shule ya msingi Tseikuru, mbali huko kaskazini mwa Kitui. Mkewe amejifungua. Anataka mama yake aende akae nao, kabisa, si kutembea. Na Kavata amekubali. Kanisa linaezeka paa jipya na litakuwa na sherehe Jumapili. Kavata atapika chakula cha sherehe hiyo, na Jumatano inayofuata atafunga kibanda.

"Tseikuru," Karanja alisema.

"Mbuzi na jua," Gedion alisema. Kila mmoja alikuwa na huzuni yake, ya mmoja ikiwa moyoni na ya mwingine tumboni.

Siku hiyohiyo alasiri alikuja Katunge, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mama mrefu mwenye daftari. Alisema askofu anayekuja kubariki paa amekatazwa nyama nyekundu na daktari. Ametuma ujumbe kwamba atakula samaki mweupe. Kamati nzima imepika mbuzi tangu kuzaliwa, hakuna anayejua samaki yupi anafaa kuwekwa mbele ya askofu, na Mama Mutiso ni muuzaji, huwasifu wote. Kwa hivyo Alhamisi mchana Mama Mutiso atakaanga wote wanne, watawekwa mezani nje ya kanisa, na Karanja ataonja na kuamua.

Karanja alisema ana kazi nyingi. Katunge aliandika jina lake kwenye daftari akiwa bado anaongea.

Mpango ulitengenezwa Jumatano kati ya wazee wawili waliokuwa na hofu kama wezi. Kila samaki angekuwa kwenye sahani yake, kwa hivyo kumjua ni kumwangalia tu. Karanja angeweka kipande kidogo shavuni, angesema maneno ya Kavata yaleyale, halafu angejifuta mdomo kwa leso na kipande kingehamia humo. Walipiga hesabu ya leso. Gedion alisema mbili, kwa usalama.

Alhamisi ilifika na jua lake. Meza ilikuwa chini ya upenu wa paa jipya lililong'aa, mabati ya Karanja mwenyewe, na juu yake sahani nne: tilapia mzima, kambare mzima bila aibu na sharubu zake, mapande ya mbuta, mapande ya chewa aliyeagizwa mapema kwa ajili hiyo. Kavata alisimama mlangoni akiwa na aproni safi. Karanja alikuwa amechana nywele mara tatu.

Mzee Kiilu alikuwepo pia. Kiilu ndiye hugawa nyama katika kila ntheo ya sehemu hii, ile sherehe ya mbuzi ambayo bila hiyo hakuna Mkamba anayesema ameoa. Kisu chake anakijua kila mtu, na sheria yake pia: nyama yote hutolewa, husafishwa, hulazwa pamoja juu ya majani mabichi, kisha ndipo kila mtu apewe iliyo yake. Kugawa kutoka sahani hadi sahani ni tabia ya hoteli.

Katunge aliomba watu wafumbe macho, akaanza kuombea chakula. Maombi ya Katunge hayana haraka. Alianza na mvua, akapita kwa wamisionari, akataja kila fundi aliyepanda juu ya paa, akawakumbuka waliolazwa. Kila mtu alifumba macho isipokuwa Kiilu, ambaye huamini kwamba kazi ya mikono yake ni maombi tosha. Alitandaza majani ya mgomba. Akatoa kisu.

Waliposema amina na kufungua macho, mezani kulikuwa na sahani nne tupu, rundo nadhifu la ngozi na miba pembeni, na katikati, juu ya majani, kilima kimoja cha nyama nyeupe.

"Sasa inagawanyika," Kiilu alisema, akifuta kisu.

Karanja alikitazama kile kilima. Tilapia alikuwa humo, na mbuta, na kambare, na chewa, wote wanne wakiwa weupe kama chokaa, wote wakiwa hawana jina. Kavata alikuwa ameziba mdomo kwa aproni. Gedion alikohoa kikohozi cha mtu anayezama.

Katunge hakuona tatizo lolote. Alisema hiyo ndiyo faida ya kuwa na mjuzi, mtu wa kawaida angebabaika. Akafungua daftari.

Kipande cha kwanza Karanja alikiweka mdomoni, na kwa kuwa macho yote yalikuwa kwake, leso ilibaki mfukoni. Alimeza. Kilishuka. Nyanya yake aligeuka kaburini, akatulia. "Chewa," alisema kwa sauti ya kuhubiri. "Mchuzi unamkuta alivyo na kumwacha alivyo." Katunge aliandika. Watu waliitikia kwa vichwa. Kipande cha pili akasema ni tilapia, mtu wa nyumbani, hana majivuno. Maneno yalikuwa matamu, na alianza kupata kizunguzungu cha furaha kinachompata mwongo anayeaminiwa. Alitupa jicho mlangoni. Kavata alikuwa akimsikiliza akirudia maneno yake yote, bila kukosa hata moja, na uso wake ulikuwa umeanza kuwa na sura ya mtu anayebonyeza samaki na kungoja.

Gedion alikuwa amechukua chembe kutoka kila kipande. Alikuwa anateseka. Karanja alipoonja cha tatu na kutangaza kwamba huyu naye ni chewa, labda ndugu ya yule wa kwanza, shemasi alisimama.

"Karanja, hapana. Nimevumilia, lakini hapana. Huyo ni mbuta. Na yule wa kwanza alikuwa kambare. Chewa mimi nilikula Ijumaa, chewa namjua."

"Ulikula wapi?" Katunge aliuliza.

Gedion alimwangalia Karanja, akaangalia paa jipya la nyumba ya Mungu, na kama shemasi aliona hana njia. Alisema yote. Alisema kuhusu kifurushi cha gazeti, miaka miwili, ripoti za kila siku, stuli. Alisema Karanja hajawahi kula hata pezi. Alisema mwenzake hula ndengu saa nane, nyuma, kati ya mabomba, peke yake. Alipofika kwenye leso mbili Karanja alizitoa mwenyewe na kuziweka mezani.

Kiilu alisema kumbe mjuzi amekuwa akikaa chini hapa miaka yote akishona viatu, na watu wanampita. Wakamvutia Gedion kiti. Alifumba macho, na kwa muda usiozidi robo saa alikipanga kile kilima upya, huku mbuta, huku tilapia, huku kambare, huku chewa, bila kusita, na mwishowe akapendekeza mbuta, kwa sababu askofu huongea akila na mwiba ungeharibu ibada. Kamati ilipiga makofi.

Karanja hakuyasikia. Alikuwa anamwangalia Kavata akikusanya sufuria zake, akiwapa wote mgongo, mabega yakitikisika. Analia, alifikiri Karanja, au ana hasira ambayo sijawahi kuiona. Kwa vyovyote vile nimemaliza.

Ijumaa hakuvuka barabara. Kitana alikitoa mfukoni, akakifungia kwenye droo. Jumamosi vilevile. Jumapili alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa na kuona kwa mbali askofu akiongezewa mbuta mara ya pili. Jumatatu asubuhi Gedion aliacha sindano kwenye soli.

"Shemeji, mimi nimefunga siku tatu bila kupanga. Yeye anaondoka keshokutwa. Na wewe umekaa hapa unahesabu misumari ambayo hakuna mtu ameagiza."

Karanja alisema aibu aliyoipata inatosha.

"Aibu gani imebaki? Zote zilitoka Alhamisi, nilizitoa mimi mwenyewe. Sasa umebaki msafi."

Hilo lilikuwa kweli kwa namna ambayo Karanja hakuwa ameifikiria. Alikaa nalo hadi saa saba kasoro dakika tano. Akafunga droo, akaifungua tena, akatoa kitana. Kulia. Kushoto. Utosi. Moyo wake ulikuwa unaruka kama tilapia kwenye beseni, na alivuka barabara kabla lori la mwisho halijapita sawasawa, hata utingo alitoa kichwa na kupaza sauti kwamba mzee huyu amechoka na dunia.

Kibandani palikuwa na maboksi mawili yaliyofungwa kamba. Karai la mafuta lilikuwa baridi. Hapakuwa na mteja, na Kavata alimwonyesha benchi kwa kidevu. Karanja aliketi. Midomo yake ilijipanga yenyewe kuuliza leo kuna samaki gani, lakini hakukuwa na samaki, na swali likafia njiani.

Kavata alileta sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, akaiweka mbele yake, akafunua. Mvuke ulipanda. Ndengu, zenye kitunguu na dania juu, na chapati mbili zilizokunjwa.

Karanja alikula. Hakuwahi kula mahali pale hata tonge, na sasa alikula kama mtu aliyetoka safari ya miaka miwili. Alipangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati hadi ikang'aa. Muda huo wote Kavata alikuwa ameketi mbele yake, jambo ambalo pia hakuwahi kuliona, viwiko mezani, mikono ikinuka ndimu.

Kisha alisema kwamba Alhamisi ile, akibeba sufuria, alicheka hadi mbavu zikamuuma, akashindwa kugeuka kwa sababu hangeweza kuacha. Alicheka hadi nyumbani. Usingizi ulipompata alikuwa ameacha kucheka na anafikiria. Mtu anavuka barabara ile kila siku, juani, na mvua ikinyesha, kwa samaki.

"Nimemwambia Mutiso asinitarajie Jumatano," alisema. "Nimemwambia kuna kitu kimoja nataka kujua kwanza."

Karanja alingoja. Hakuwahi kumsikia akiuliza. Upande wa pili wa barabara Gedion alikuwa amesimama juu ya stuli yake yenye miguu minne, kiganja juu ya macho.

Kavata alimwangalia sawasawa, na kidole gumba chake kikawa kinabonyeza meza, taratibu, kana kwamba nayo ingejaa na kurudi.

"Miaka miwili, Karanja. Ulikuwa unakuja hapa kufanya nini?"

Mapezi yalimjia akilini, na magamba, na mayai ya tilapia. Aliyaacha yote yapite kama malori.

"Kukuona wewe, Kavata," alisema.